Mumiani wa Elfu Nane

Meno tuliyachonga kwenye dumu jeupe la mafuta ya kula.
Mawili. Yalimkaa Lali vizuri, ila yalimtia kithembe,
na mnyonya damu mwenye kithembe
hamtishi mtu Barani.
Tsuma akaamua: basi asiseme. Atazame tu.

Tulikuwa na elfu nane na simu yangu,
kioo cha kamera yake kina ufa,
kwa hivyo kila usiku wa filamu yetu
umepasuka upande wa kushoto.
Usiku wenyewe ulikuwa saa tisa alasiri.
Tulifunika kamera kwa nailoni ya samawati,
ile ya kufungia zawadi za harusi,
na Malindi yote ikazama gizani
isipokuwa kuku. Kuku hawakuambiwa.
Tazama vizuri: nyuma ya mauaji ya kwanza
tetea anadonoa mchana.

Joho, buibui la mamake, la Iddi, bila ruhusa.
Ngome, jumba la Mtaliano lililofungwa,
bwawa limejaa majani makavu na kiatu kimoja cha mtoto.
Mlinzi, mzee Mwaringa, hakutaka pesa.
Alitaka kufa.
Tukamuua mara tatu: kama mlinzi, kama mtalii,
kama askari mwenye kofia ya kadibodi.
Mara ya tatu alikata roho dakika nne nzima,
akiwaita wanawe kwa majina, kwa Kigiriama,
na Tsuma hakuthubutu kusema kata.

Sheria za mnyama tulizijua tangu vibanda vya video:
haonekani kiooni, kitunguu thaumu humchoma,
haingii nyumba mpaka akaribishwe.
Thaumu? Na pilau za mtaa huu? Angekufa harusi ya kwanza.
Kioo tulikigeuza kikatazama ukuta, yakaisha.
Ya kukaribishwa ndiyo iliyotushinda.
Lali alisimama mlangoni, kucha ndefu, damu kidevuni,
akagonga, hodi,
na kabla Nyevu hajatetemeka kama tulivyomfundisha
sauti ya nyanyake ikatoka uani:
karibu mwanangu, kuna mahamri.
Mara sita tulirudia. Mara sita, karibu.
Tsuma akaketi juu ya ndoo, kichwa mikononi.
Mji huu, alisema, ungekwisha kwa usiku mmoja.

Bibi huyo alimjua mumiani mwingine, asiye na meno.
Alikuja na gari jekundu na chupa,
wala hakupiga hodi.
Alitusimulia huku akimfuta Nyevu shingo,
maana damu yetu ilikuwa choya na sukari
na sisimizi walikuwa wamemtangulia mnyonyaji.
Hatukurekodi. Betri ilibaki asilimia mbili.

Mwisho ulikuwa hivi: jua lichomoze, yeye awe jivu.
Jivu tuliliomba kwa muuza mahindi ya kuchoma.
Tukapanga Jumapili.
Jumamosi Lali akapanda basi la Mombasa, visa mfukoni,
rangi nyeusi bado imo kwenye kucha.
Tukamwaga jivu juu ya mkeka mtupu,
tukaweka yale meno juu yake,
na hiyo ndiyo picha ya mwisho. Watu hudhani ni ustadi.

Sasa analinda ghala Doha, usiku kucha.
Mchana analala, watu wanane chumba kimoja,
vitanda vimepandana, madirisha yamezibwa kadibodi.
Hupiga simu alfajiri, kabla hajafunga macho,
uso wake samawati,
wala hakuna nailoni.
Huuliza lile lile: mlinimalizaje?
Namwambia jivu. Hucheka,
kisha naona meno yake mwenyewe, madogo,
na hacheki tena.

Mamake hunisimamisha sokoni kila Ijumaa.
Filamu haimhusu. Anataka buibui lake.
Nimelifua mara tano. Doa la choya liko kwenye pindo,
na juu ya kitambaa cheusi halionekani
mpaka kilowe.